Kosa Lisilonuka: Maneno kwa Waunda Roboti Waliozoea Waya

Hotuba hii niliitoa mbele ya wenzangu tunaounda roboti kwa kujifurahisha. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nimeziacha, hazikuwa na jambo ambalo maneno hayakulisema.

Ndugu zangu, wapenzi wa mota, waya na gia: wakubwa shikamooni, na wadogo hamjambo.

Kabla sijasema lolote, naomba mnyooshe mikono. Nani hapa amewahi kuunguza transista? Naam. Naona hata mwenyekiti kanyoosha, tena mikono yote miwili. Sasa niambieni, mlijuaje kwamba imeungua? Mlipima? Mlisoma kitabu? Hapana. Mlinusa.

Kwa miaka mingi pua ndiyo ilikuwa kipimo changu cha kwanza. Kabla mita ya kupimia umeme haijatoka mfukoni, pua imekwisha kutoa taarifa. Mota iliyokwama inanuka. Rezista iliyobebeshwa isichoweza inanuka. Waya mwembamba uliopitishiwa mkondo mkubwa unanuka mpaka majirani wanakuja kuuliza. Unafuata harufu, unafika kwenye kosa, unalikata, unalehemu jipya, unalala. Kisha nikanunua maikrokontrola yangu ya kwanza, ile kompyuta ndogo ya kuongozea mashine, na kwa mara ya kwanza nikakutana na kosa lisilonuka. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Niwaeleze kwanza nilikotoka. Roboti niliyoipenda kuliko zote haikuwa na ubongo. Ilikuwa na mota mbili, vihisi viwili vya mwanga, transista mbili na betri, basi. Kihisi cha kulia nilikiunga na mota ya kushoto, na cha kushoto nikakiunga na mota ya kulia. Mwanga ukizidi upande wa kulia, mota ya kushoto inakimbia zaidi, roboti inageukia kulia, inaufuata mwanga kama nondo. Wageni wakija, naizima taa ya chumbani, nawasha tochi, nao wanashangaa.

Wala si mimi niliyevumbua mambo hayo. Mwaka 1948 na 1949, huko Bristol, Uingereza, mtaalamu wa ubongo aitwaye William Grey Walter aliunda kobe wawili wa mashine, akawaita Elmer na Elsie. Kila mmoja alikuwa na vali mbili tu, zile za redio za zamani, na vihisi viwili: kimoja cha mwanga, kimoja cha mguso. Kwa vali mbili hizo kobe walizunguka sakafuni, wakatafuta mwanga, wakakwepa vizuizi, na kobe akiiona taa yake mwenyewe kwenye kioo alibaki akichezacheza mbele yake. Vali mbili! Mtu aliyeyajua hayo anahitaji kompyuta ya nini?

Hivyo ndivyo nilivyomjibu kila aliyenitajia maikrokontrola. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Niliona kuandika programu ni kazi ya watu wa namna nyingine, wenye vidole visivyo na alama za kuungua.

Mnajua kilichonishinda? Nusu sekunde. Nilitaka roboti yangu ikigonga ukuta irudi nyuma kwa nusu sekunde, kisha igeuke. Kwa waya hiyo ni kapasita ya kutunza umeme kidogo, rezista ya kuubana, na rilei, ile swichi inayofungwa na kufunguliwa na umeme. Sawa, nikafunga. Halafu nikataka mara ya kwanza igeukie kulia, mara ya pili kushoto, isije ikanasa kwenye kona. Rilei nyingine. Halafu nikaona nusu sekunde haitoshi, nataka robo tatu. Chuma cha kulehemu tena. Na ile kapasita niliyoiweka iliandikwa namba moja, kumbe zile za aina yake zinaweza kuachana na namba yake kwa asilimia 20, juu au chini, na hakuna wa kumlalamikia. Nilipofika rilei ya sita, roboti yangu ilikuwa imebeba kiota cha ndege mgongoni na betri inaisha kwa kuzilisha rilei kabla mota hazijapata zamu.

Nikasalimu amri. Nikanunua ubao wenye maikrokontrola.

Maikrokontrola ni nini, kwa wale ambao bado wako nilikokuwa mimi? Ni kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja: kichakataji, kumbukumbu, saa, na pini za kuongea na dunia ya nje. Si kitu kipya. Texas Instruments walianza kuuza TMS1000 yao mwaka 1974, ikaingia kwenye vikokotoo na vichezeo vya watoto. Ubao nilioanza nao ni Arduino Uno. Chipu yake, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2. Mbili, ndugu zangu. Picha moja ya simu haiingii humo hata kwa kukunjwa. Lakini inakwenda kwa mapigo milioni 16 kila sekunde.

Nikapiga hesabu usiku ule, nikashindwa kulala. Roboti yangu inatembea sentimita 20 kwa sekunde. Kusogea milimita moja kunaichukua milisekunde 5. Katika milisekunde hizo 5, chipu imepiga mapigo 80,000. Elfu themanini, kwa milimita moja! Kwa hiyo roboti yangu haikugonga ukuta tena, sivyo?

Iligonga. Iligonga vizuri kuliko zamani.

Na hili ndilo la kwanza nililojifunza: kuisubirisha chipu ni kuilaza. Nilikuwa nimeandika, kwa fahari kubwa, washa taa, subiri sekunde moja, zima taa, subiri sekunde moja, kisha tazama kama kuna ukuta. Nilidhani kusubiri kwa chipu ni kama kusubiri kwangu mimi: nimesimama, lakini macho yanaona. La. Ukiipa ile amri ya kusubiri, inahesabu tu. Haioni, haisikii, haigusi. Sekunde moja ya usingizi kwa roboti ya mwendo ule ni sentimita 20 za kutembea umefumba macho. Na mimi niliilaza mara mbili kila mzunguko, ili taa ipendeze.

Dawa yake ni ile unayoitumia mwenyewe ukiwa na miadi. Hukai umefumba macho mpaka saa ifike. Unaendelea na shughuli zako huku ukiitupia saa jicho. Chipu ina saa ndani inayohesabu milisekunde tangu ilipowashwa. Unaandika saa uliyoanza, unaendelea na mambo mengine, na kila ukipita unauliza: je, nusu sekunde imekwisha? Bado? Haya, tuendelee. Ikumbukeni saa hiyo. Nitairudia, maana ilinitesa.

La pili nitalipita upesi. Chipu haijui chochote usichoiambia. Swichi ya mbele ya roboti niliiunga kwenye pini kama nilivyozoea kuiunga kwenye rilei: ikibonyezwa umeme unafika, isipobonyezwa hakuna kitu. Rilei inaelewa maana ya "hakuna kitu". Pini haielewi. Pini isiyoshikwa na chochote inaelea hewani, inaokota umeme wa waya wa jirani, wa taa, wa mkono wako. Roboti ikawa inarudi nyuma kila nikiisogelea. Mke wangu akasema inaniogopa, na kwa siku moja nzima nilipendelea maelezo hayo. Kumbe pini inahitaji rezista ya kuishikilia juu, na chipu yenyewe inayo moja ndani, unaiwasha kwa neno moja tu la programu. Angalia tu kwamba mambo yanageuka: swichi unaihamishia upande wa hasi, na ikiwa huru unasoma moja, ikibonyezwa unasoma sifuri. Utazoea.

Tena haijui kwamba swichi ya chuma ikifungwa hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia. Rilei ni nzito, hairuki nayo. Chipu inahesabu kila mruko. Nilipoitazama hesabu yake, roboti iliyogonga ukuta mara moja iliapa imegonga mara saba. Na haijui kwamba mwangwi ni safari ya kwenda na kurudi: kihisi cha sauti kinapokupa muda, lazima ugawe kwa mbili. Nisipogawa, ukuta ulio sentimita 30 mbele unaonekana uko 60. Mnaweza kukisia kilichotokea. Tuendelee.

La tatu nataka tulikalie kidogo, maana hapa ndipo sisi watu wa waya tunapojiona mabingwa, na hapa ndipo nilipopotea siku tatu.

Nilijua kwamba mota haiungwi moja kwa moja kwenye pini. Hilo hata aliyelala analijua: pini moja ya chipu ile ikifika miliampea 40 ndio mwisho wake, na ya kufanyia kazi ni 20, wakati mota ndogo inataka mamia. Kwa hiyo nikaweka kiendesha mota katikati, kipande kinachopokea amri ya chipu na kuipa mota mkondo mkubwa, ile L298N yenye kipande kikubwa cha alumini mgongoni. Nikaijaribu mezani, imeungwa na kompyuta kwa waya wa USB. Magurudumu hewani. Safi kabisa! Mbele, nyuma, kulia, kushoto. Nikachomoa waya, nikaunga betri, nikaishusha sakafuni.

Ikashtuka mbele sentimita mbili, ikasimama. Kimya kidogo. Ikashtuka tena, ikasimama. Kimya. Ikashtuka. Kama mzee anayesinzia kitini.

Nikanusa. Hakuna harufu. Basi, nikasema, kama hakuna kinachonuka, kosa liko kwenye programu. Sikilizeni hapo, maana ndipo nilipoteleza. Mimi, mtu niliyeishi na umeme miaka yote, nikauacha umeme nikaenda kulaumu maandishi, kwa sababu maandishi ndiyo yalikuwa mageni. Mgeni ndiye anayepekuliwa mfuko kwanza, au siyo? Siku tatu, kila usiku, naisoma programu mstari kwa mstari. Nikaipunguza. Nikaiandika upya. Ikawa ile ile: inashtuka, inasimama.

Usiku wa tatu nikafanya jambo dogo. Mwanzoni kabisa mwa programu, mahali panapopitwa mara moja tu chipu ikiwaka, niliweka mistari ya kuikonyeza taa mara tatu. Nikaishusha sakafuni. Konye, konye, konye. Ikashtuka mbele. Ikasimama. Na kisha: konye, konye, konye.

Nikakaa chini. Roboti haikuwa inasimama. Ilikuwa inakufa na kuzaliwa upya.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mota inapoanza kutoka kusimama huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kukimbia. Betri yangu ndogo ilikuwa inalisha mota na chipu pamoja. Mota zikivuta, volti zinaporomoka kufumba na kufumbua, na chipu ina mlinzi ndani yake anayeizima volti zikishuka mno, kisha inaanza upya. Mita yangu haikuona kitu kwa sababu mita ni nzito wa macho. Ilikuwa inanionyesha wastani, na wastani ulikuwa mzuri. Mezani kompyuta ndiyo ilikuwa inailisha chipu, na magurudumu yalikuwa hewani bila mzigo. Kila jaribio la mezani lilikuwa linanidanganya kwa nia njema.

Nikatenganisha: betri ya mota peke yake, ya chipu peke yake. Na roboti ikakataa kabisa kusogea! Kwa nini? Nani anajua? ... Ahsante, kijana wa nyuma. Sikuunganisha hasi na hasi. Betri mbili zisizogusana ni watu wawili wanaopimana urefu, mmoja yuko kwenye ngazi na mwingine shimoni. Hasi zote lazima zikutane. Hilo likanila usiku wa nne. Kisha nikalehemu kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya kila mota, kumeza kelele za umeme. Na nikagundua kwamba ile L298N inakula karibu volti mbili njiani: naipa 6, mota zinapata 4. Siku hizi natumia kiendesha kipya kisicho na ulafi huo, nanyi nawashauri hivyo hivyo, hata kama kile cha alumini ndicho kinachoonekana cha kiume.

Sasa ile saa.

Roboti ikatembea. Ikakwepa, ikarudi nyuma nusu sekunde, ikageuka, nami nikaita watu. Walipofika ikawaonyesha mambo mazuri, halafu ikaenda kwenye ukuta, ikagonga, na haikurudi nyuma. Ikausukuma ukuta. Ikausukuma tu, magurudumu yanateleza, kama imetumwa kuuhamisha. Nikabonyeza kitufe cha kuanza upya, ikapona. Baada ya muda, wazimu ule ule.

Betri? Nilizipima, nzima. Hasi na hasi? Zimeshikana. Nikaweka pua kwenye chipu, kwenye kiendesha, kwenye mota. Hakuna. Baridi, safi, na mwendawazimu.

Safari hii sikungoja usiku wa tatu. Nikaunga waya wa kompyuta, nikaishika roboti mkononi, nikaiamuru kila ikigonga iniandikie kwenye skrini ile saa inayoiweka kwenye kumbukumbu. Nikawa naibonyeza swichi kwa kidole. Namba zikapanda: elfu 12, elfu 20, elfu 31. Elfu 32 na kitu. Kisha, mbele ya macho yangu, hasi 32,000 na kitu.

Saa imekwenda hasi! Mmewahi kuona saa ya hasi?

Nilikuwa nimeiweka saa kwenye chombo kidogo, yaani nafasi ndogo ya kutunzia namba ndani ya kumbukumbu. Kwenye chipu ile, namba nzima ya kawaida ina biti 16, yaani nafasi 16 za sifuri au moja, na kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 32,767. Ukiongeza moja haikuambii "nimejaa". Inageuka upande wa pili, inakuwa hasi. Milisekunde 32,767 ni sekunde 32 na ushee. Kuanzia hapo, kila roboti ikiuliza "nusu sekunde imekwisha?" hesabu inajibu "zamani sana", na nusu sekunde yangu inaisha kabla haijaanza. Inarudi nyuma kwa muda wa sifuri, inasonga mbele tena, ukutani. Na mezani nilikuwa naijaribu kwa sekunde 10, au 15, kisha natabasamu na kuizima.

Nilibadilisha neno moja, nikaiwekea saa chombo cha biti 32 kisicho na hasi, ambacho hujaa baada ya siku 49. Betri zangu hazifiki huko.

Msinicheke sana. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza, na katika safari isiyofika dakika moja ikapoteza mwelekeo na kusambaratika. Programu yake ilichukua namba kubwa ikataka kuitia kwenye chombo cha biti 16, haikuenea. Biti zile zile 16. Sijifananishi na wale wataalamu. Nasema tu kwamba kosa lile halichagui mtu wala halinuki, liwe kwenye kichezeo au kwenye roketi.

Na mwaka uliofuata, 1997, chombo cha anga cha Pathfinder kilikuwa juu ya sayari ya Mirihi kikaanza kujizima na kujiwasha upya, chenyewe, kama ile yangu ya sakafuni. Hapo huwezi kupeleka pua. Wahandisi walilipata kosa kwa kulirudia duniani, kwenye mashine pacha, na kwa sababu ndani ya programu walikuwa wameacha njia ya mashine kusimulia inachofanya. Kazi zilikuwa zinazuiliana zamu. Wakatuma marekebisho kwa redio, yakafika, ikatulia.

Mnaona ninachokiona? Mashine iliyokuwa inanuka ilikuwa inasema yenyewe, hata usipotaka kuisikiliza. Hii mpya haisemi mpaka uipe ulimi, na ulimi wenyewe ni taa moja na waya mmoja wa kompyuta. Mimi sasa naanza na huo. Kabla ya mota, kabla ya kihisi, kabla hata ya magurudumu, nahakikisha inaweza kuniambia "nimewaka" na "nimeona hiki". Uwe na kiasi tu. Kilobaiti 2 ni chache, na maneno marefu huzimaliza. Niliwahi kuipa hotuba ndefu kuliko hii, ikanyamaza kabisa.

Mtaniuliza mnunue ubao gani. Wowote ambao jirani yako anao, ili mpate wa kuulizana. Angalieni kitu kimoja: bao nyingi za siku hizi, kama ESP32 na Raspberry Pi Pico iliyotoka mwaka 2021, zinataka volti 3.3 kwenye pini zake. Kihisi cha sauti cha HC-SR04 kinarudisha volti 5. Weka rezista mbili za kuzigawa, la sivyo utanusa ile harufu ya zamani, na nadhani hamjaitamani kiasi hicho.

Haya. Nimesema vya kutosha, na mwenyekiti ananitazama kama saa. Roboti yenyewe hii hapa. Ndani zimo zile mota za zamani, vile vihisi viwili vya mwanga, na mahali pa kiota cha rilei sasa pana kipande hiki kidogo. Naiweka sakafuni. Wa mstari wa mbele kunjeni miguu. Imekonyeza mara tatu, mmeona? Basi imewaka. Ikigonga mguu wa meza ile na kung'ang'ania, msiniulize mimi. Leteni waya, tuiulize yenyewe.